Msafara wa pikipiki za spoti upangwe kwa tangi dogo, si kwa injini kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie safari ndefu za makundi ya pikipiki za spoti. Likizo zikikaribia, wapenzi wa pikipiki hizi huanza kupanga, na mazungumzo huwa yaleyale: ya nani ina nguvu, nani ana mbio, egzosi ya nani inalia vizuri. Suala la lita ngapi zinakaa kwenye tangi huja mwisho, na mara nyingi huja barabarani, mmoja akiwa ameshashuka anasukuma.

Wapo wanaosema pikipiki ya spoti haifai kabisa safari ndefu. Si kweli. Injini inayohimili mizunguko 13,000 kwa dakika haichoki ikizunguka 5,000 siku nzima. Kinachoharibu safari ni kundi kupangwa kwa kipimo cha mwenye injini kubwa na anayetangulia, ilhali wa kupimwa ni mwenye tangi dogo na anayefunga mkia.

Tuanze na mafuta. Pikipiki nyingi za spoti za cc 600 hadi 1000 zina tangi la lita 16 hadi 18. Chukua la lita 17. Kwa mwendo tulivu wa kilomita 100 hadi 110 kwa saa, itakula kama lita 6 kwa kilomita 100. Kwa hesabu ya haraka mtu atasema anafika kilomita 280. Hafiki, au akifika amefika kwa bahati, kwa sababu taa ya akiba huwaka zikiwa zimebaki kama lita 4, na hizo si za kupangia safari. Za kupangia ni lita 13, yaani kilomita 215 hivi. Sasa kiongozi akipandisha mwendo hadi 140, ukinzani wa upepo karibu unaongezeka maradufu, na ulaji unaweza kugonga lita 8. Lita 13 zilezile zinakupeleka kilomita 160 tu. Pikipiki ni ileile na barabara ni ileile, ila zaidi ya kilomita 50 zimeyeyuka kwa ajili ya mwendo.

Kwa hiyo vituo vya mafuta vipangwe kila kilomita 150, na anayesimamisha msafara awe mwenye tangi dogo kuliko wote, hata kama mwenzake anatembelea pikipiki ya safari yenye lita 25. Kikifika kituo, wote wajaze. Mwenye nusu tangi anayesema "mimi bado" ndiye atakayewasimamisha wenzake kilomita 80 mbele, mahali pasipo na kituo wala kivuli. Pikipiki nane kwenye pampu moja zikilipa kila mmoja kivyake hutumia hata dakika 25. Wakichanga mapema na mmoja akalipa kwa wote, pampu ikapita kutoka tangi moja hadi jingine, muda huo hupungua karibu nusu. Usijaze hadi shingoni, kwa sababu petroli baridi kutoka ardhini hutanuka ikipata joto la injini na jua, ikatafuta njia ya kutokea.

Aina ya petroli nayo ni muhimu. Injini hizi zina mgandamizo mkubwa, 12 kwa 1 au hata 13 kwa 1, na nyingi zimetengenezewa petroli ya oktani 95 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka ovyo). Ukikuta kituo chenye ya daraja la chini peke yake, weka kiasi cha kukufikisha kituo kinachofuata, kisha usivute mafuta kwa nguvu ukiwa kwenye gia kubwa na mizunguko midogo. Hapo ndipo injini hugonga, yaani mafuta hulipuka ovyo ndani yake, na kugonga huko hula pistoni kimyakimya.

Jambo la pili, ambalo naona linajeruhi watu wengi bila wao kujua sababu, ni kunyooka na kukunjika kwa msafara. Mlolongo wa pikipiki hufanya kazi kama mpira wa kuvuta. Chukua pikipiki kumi zikitoka kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa. Kiongozi akiona kibao cha mwisho wa eneo anavuta mafuta mpaka 100. Wa pili anachelewa kidogo kuitikia, wa tatu anachelewa juu ya uchelewaji wa wa pili, na hivyo hivyo hadi wa kumi, ambaye bado yuko ndani ya eneo la 50 wakati kiongozi anapotea machoni. Tuseme pengo la ziada limekuwa meta 200. Ili alizibe akiwa na mwendo wa 120 nyuma ya wenzake wanaokwenda 100, wa kumi atahitaji sekunde 36 na kilomita 1.2 za barabara. Huyo huwa ni mgeni wa kundi, kwa sababu wageni hujiweka nyuma kwa adabu. Kwa hiyo asiye na uzoefu ndiye anayekimbia kuliko wote, anayefunga breki kuliko wote, na ndiye wa kwanza kuishiwa mafuta ingawa "tulikuwa mwendo mmoja".

Dawa yake ni mbili. Kwanza, kiongozi akitoka kwenye eneo la mwendo mdogo akae kwenye 70 kwa nusu dakika nzima, mpaka aone kwenye kioo taa ya mfunga msafara, ndipo apande polepole. Pili, mgeni na mwenye injini ndogo wawekwe nafasi ya pili na ya tatu, mara tu nyuma ya kiongozi. Hapo mpira hauvutiki, na kiongozi anamwona. Wenye nguvu na uzoefu wakae nyuma, wao wana uwezo wa kuziba pengo bila kuhema. Najua wengi hawapendi hili, kwa sababu mwenye pikipiki kubwa huona nyuma ni nafasi ya wanyonge. Na aone hivyo akiwa huko huko nyuma.

Kundi likizidi watu sita au saba, ligawanywe. Kila kundi dogo liwe na kiongozi wake na mfunga msafara wake, na kati ya kundi na kundi iachwe nafasi ya dakika mbili tatu ili magari mengine yapate pa kupenya. Kwenye barabara pana na nyofu, mpangilio ni wa kupishana kama meno ya zipu: kiongozi karibu na mstari wa katikati, wa pili upande wa ukingoni sekunde moja nyuma yake, wa tatu tena katikati, sekunde mbili nyuma ya kiongozi. Kwa mwendo wa 100, sekunde mbili ni kama meta 55. Kila mmoja abaki na upana wote wa njia yake wa kukwepea shimo. Watu wawili kwenda ubavu kwa ubavu kunapendeza kwenye picha, lakini mmoja akikwepa jiwe anamkwepea mwenzake. Penye kona, daraja jembamba, changarawe au mvua, zipu inafunguka na wote wanakuwa mstari mmoja wenye nafasi ya sekunde mbili au tatu. Kiongozi anaonyesha kwa kidole kimoja juu, na kila mmoja anarudisha ishara kwa aliye nyuma yake.

Kupita lori hakufanywi kwa pamoja, hata siku moja. Hesabu yake ni hii: lori linakwenda 80, pikipiki 110. Tofauti ya mwendo ni meta 8 na kidogo kwa sekunde. Lori lenye urefu wa meta 18, ukiongeza nafasi ya kutokea nyuma na ya kurudi mbele, jumla unahitaji kulizidi lori kwa kama meta 60, yaani sekunde 7. Katika sekunde hizo utakuwa umetembea zaidi ya meta 200, na gari linalokuja mbele kwa mwendo wa 100 litakuwa limetembea kama 200 nyingine. Mtu mmoja tu anahitaji meta 400 na ushei za barabara anayoiona kwa macho yake. Anayetoka kwa sababu wa mbele yake ametoka anatumia macho ya mtu mwingine, tena macho ya sekunde kadhaa zilizopita. Naye aliyekwishapita asipunguze mwendo kungoja wenzake. Aendelee na mwendo wake ili aache uwazi mbele ya lori. Wengi husahau hapo. Wa kwanza anapita, anarudi njiani, anaachia mafuta ageuke kutazama, na wa pili anajikuta ubavuni mwa lori bila pa kuingia.

Njia panda zina utaratibu wake, na ukifuatwa hakuna anayepotea hata asiye na simu. Kiongozi akifika kwenye njia panda, anamwonyesha aliye nafasi ya pili mahali salama pa kusimama. Huyo anabaki hapo akielekeza, wote wanapita, na mfunga msafara akifika anamruhusu aingie mbele yake. Kwenye njia panda inayofuata anabaki mwingine. Kinachovunja utaratibu huu ni aliyebakizwa kuchoka kungoja na kuondoka. Akiondoka, wote walio nyuma wamepotea. Asiondoke.

Sasa pikipiki yenyewe. Kosa kubwa la maandalizi ni kufanya kila kitu siku moja kabla ya safari. Tairi jipya lina uso laini unaoteleza, linahitaji kilomita 150 hadi 200 za upole kabla halijashika vizuri. Pedi mpya za breki zinahitaji kuzoeana na diski. Nati iliyofungwa vibaya hujitokeza baada ya mtikisiko, si gereji. Kwa hiyo chochote kinachofunguliwa na fundi kipewe kilomita 300 za majaribio karibu na nyumbani.

Matairi ya kawaida ya pikipiki hizi ni ya saizi 120/70-17 mbele na 180/55-17 au 190/55-17 nyuma, na kwa nyingi upepo wa kujaza tairi kwa safari za barabarani ni psi 36 (kipimo cha shinikizo la upepo) mbele na 42 nyuma. Namba kamili iko kwenye kibandiko cha mkono unaoshika gurudumu la nyuma au kwenye kitabu. Wapo wanaosafiri na psi 30 kwa kuwa wamesikia wanaokimbia kwenye viwanja vya mashindano hushusha upepo. Kule tairi hushushwa upepo ili lipate joto haraka kwenye kona, na pikipiki haibebi mizigo. Kwenye safari ya kilomita 600 zilizonyooka, tairi lenye upepo mdogo hukunjika kila mzunguko, huchemka, na huliwa katikati mpaka linakuwa bapa kama kopo lililokanyagwa. Ukifika milimani usukani unakuwa mzito na pikipiki inaingia konani kwa kuanguka badala ya kulala. Pima upepo asubuhi kabla ya kuwasha. Tairi la moto huonyesha psi kadhaa zaidi, na anayepunguza upepo wa tairi la moto atalikuta kesho liko chini ya kipimo.

Tairi laini la kimichezo la nyuma laweza kuisha katika kilomita 5,000. Ukianza safari ya 3,000 likiwa nusu, hutarudi nalo. Afadhali tairi la spoti la safari, gumu katikati na laini pembeni, ambalo hudumu mara mbili ya hilo. Tazama pia umri: tarakimu nne kwenye ubavu, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka sita libadilishwe hata kama lina maua.

Matairi haya hayana tyubu, na hilo ni heri, kwa sababu pancha ya msumari huzibwa bila kufungua gurudumu. Chomoa msumari, sugua tundu kwa kekee ya mkono, sukuma kamba ya mpira yenye gundi mpaka ibaki kama sentimita moja nje, kata, jaza upepo, temea mate uone kama inatoa mapovu. Tundu la ubavuni halizibwi, hapo ni kupakia kwenye gari. Vichupa vya gesi ya gramu 16 vinavyouzwa na vifaa hivi havitoshi kama wengi wanavyodhani; kimoja huongeza kama psi 6 au 7 tu kwenye tairi la nyuma, na wakati wa kutoa gesi huganda barafu hadi kuunguza vidole visivyo na glavu. Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye betri ni bora, na kundi zima linahitaji moja tu. Baada ya kuziba, usizidi 80 mpaka fundi alitazame tairi kwa ndani.

Cheni inastahili kuangaliwa kwa karibu. Simamisha pikipiki wima, shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, yaani yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, isukume juu na kuivuta chini. Kwa pikipiki nyingi inatakiwa icheze kama milimita 30. Kitabu ndicho kinachoamua. Zungusha gurudumu robo, pima tena, mara nne, kwa sababu cheni iliyotumika huwa na mahali palipokaza kuliko pengine, na papimwe hapo hapo. Kisha mwambie mwenzako akae kitini na mizigo ikiwa imefungwa, upime mara ya mwisho. Kiti kikishuka, gurudumu la nyuma hujisogeza mbali na sproketi ya mbele na cheni hukaza. Aliyeifunga ikiwa "safi kabisa" bila mzigo, kwenye tuta la kwanza cheni hiyo inavuta beringi ya shafti ya gia, na beringi hiyo ikifa injini nzima hufunguliwa. Ikilegea kidogo ina kelele, ikikaza ina hasara. Kati ya hayo mawili chagua kelele. Ukivuta cheni kutoka nyuma ya sproketi kubwa na nusu ya jino ikaonekana, imekwisha, nayo hubadilishwa pamoja na sproketi zote mbili.

Ilainishwe kila kilomita 500, jioni ikiwa bado ya moto, ili mafuta yaingie na kukauka usiku badala ya kurushwa kwenye tairi asubuhi. Isafishwe kwa mafuta ya taa. Petroli huharibu vile vipete vya mpira vinavyotunza grisi ya ndani. Na gurudumu lizungushwe kwa mkono. Kuna watu wanaweka gia, wanaacha injini izungushe gurudumu huku wanapangusa kwa kitambaa. Kitambaa hunaswa na cheni, na kidole hufuata kitambaa.

Mizigo. Fremu ya nyuma ya pikipiki ya spoti imetengenezwa nyembamba, na uwezo wote wa kubeba, pamoja na mwendeshaji, huwa kama kilo 170 hadi 190. Mfuko laini wa lita 20 hadi 30 kwenye kiti cha abiria unatosha. Vizito viwe chini na mbele, karibu na mgongo wa mwendeshaji, nguo nyepesi ziwe nyuma. Mfuko wa juu ya tangi ni msaada mara mbili, unabeba na unaegemewa na kifua, ila geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto uhakikishe haugusi honi wala haubani kitufe. Wenye tangi la plastiki au alumini wasihangaike na mfuko wa sumaku. Mifuko ya ubavuni iachiwe nafasi ya kiganja kutoka kwenye egzosi. Nailoni huyeyuka kabla hujanusa chochote. Mikia ya kamba za kufungia ikunjwe na kubanwa kwa utepe. Kamba inayopepea ikinaswa na cheni hulifunga gurudumu la nyuma kwa mwendo uliokuwa nao. Baada ya kilomita 30 za kwanza wote wasimame wakaze upya, maana kila mzigo hulala kidogo ukitikiswa.

Ukishapakia, kaza springi ya shokapu ya nyuma hatua moja au mbili. Usipofanya hivyo, nyuma inazama, mbele inainuka, taa inamulika vilele vya miti na kuwapofusha wanaokuja, na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi.

Begi la mgongoni sishauri. Linakata mabega, na kitu chochote kigumu ndani yake kinakaa juu ya uti wa mgongo siku ya kuanguka.

Mwili wa mwendeshaji ni kifaa kingine kinachohitaji kurekebishwa. Ganzi ya vidole hutoka kwenye kuegemea mishikio. Uzito ubebwe na mapaja yanayobana tangi na misuli ya tumbo, viwiko vikunjwe kiasi cha kuweza kupigapiga kama mbawa. Kwa mwendo wa 100 upepo hukubeba kifua na viganja hupumzika, ndiyo maana nusu saa ya foleni huumiza kuliko saa moja ya barabara kuu. Leva za breki na klachi zishushwe kidogo zifuate mstari wa mkono. Masikioni weka vizibo: kelele za upepo ndani ya helmeti kwa mwendo wa barabara kuu huharibu usikivu, na kabla ya kuuharibu huchosha akili. Dakika 90 zikitimia, shuka, hata kama hakuna anayelalamika, na unywe maji. Mwenye kioo cheusi cha helmeti abebe na cheupe; giza halingojei msafara uliochelewa.

Mengine kwa ufupi. Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 (alama za oili inayofaa klachi ya pikipiki), kwa kuwa oili nyingi za magari zina viungo vya kulainisha vinavyofanya klachi iteleze. Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 4 yasiyozidi miaka miwili, maana hunyonya unyevu, na yenye unyevu huchemka kwenye mteremko mrefu mpaka leva inafika kwenye mshikio. Rejeta ichunguzwe isiwe imezibwa na wadudu na tope. Betri ipimwe: ikitulia iwe volti 12.6 hivi, injini ikizunguka 5,000 iwe kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo haichaji, ikivuka 15 regyuleta, kidhibiti cha umeme wa kuchaji, imekufa na itachemsha betri. Kusukuma pikipiki ya sindano za mafuta, isiyo na kabureta, iwake hakusaidii betri ikiwa imekufa kabisa, kwani pampu ya mafuta nayo inahitaji umeme. Bebeni nyaya fupi za kuunganisha betri mbili.

Kila mmoja abebe fyuzi zake, leva moja ya klachi, na kamba za plastiki za kubania bodi, maana skrubu za bodi hulegea zenyewe. Sahani ndogo ya bati ya kuweka chini ya stendi ya pembeni, kwenye mchanga au lami iliyolainika kwa jua, huokoa pikipiki mbili tatu zisiangukiane. Ufunguo wa akiba abebe mwenzako, wewe ubebe wake. Funguo za pikipiki nyingi hizi zina chipu, hazichongwi njiani, na aliyepoteza jaketi amepoteza zote mbili kama zilikuwa humo.

Kuhusu ajali, mgawanyo wa kazi ujulikane kabla ya kuwasha injini. Wa kwanza kufika anamhudumia majeruhi, wa pili anarudi nyuma mita mia au zaidi kuonya magari, wa tatu anapiga simu ya dharura na kutaja alama ya kilomita. Wengine wote wapite mbele, waegeshe nje kabisa ya barabara, wasirundike pikipiki penye tukio. Helmeti ya majeruhi anayepumua haivuliwi. Inavuliwa tu ikiwa hapumui au njia ya hewa imeziba, na ivuliwe na watu wawili, mmoja akishika shingo isisogee. Kila mwendeshaji awe na karatasi yenye jina, dawa zinazomdhuru na namba ya ndugu, wote waiweke mfuko mmoja uleule, tuseme wa kifua upande wa kushoto, ili anayetafuta asipekue.

Mfunga msafara ndiye abebe sanduku la dawa, vifaa vya pancha na spana, kwa sababu ndiye pekee ambaye kila aliyekwama lazima amwone akifika. Mara nyingi vitu hivi hukutwa kwa kiongozi, na kiongozi wakati huo yuko kilomita 20 mbele.

Wako,
Fundi na mwendeshaji, msomaji wa gazeti hili